Ruta Zetu na Siri za Wananchi
Hotuba ya afisa wa TEHAMA kwa wakazi wa Nyakoe

 

Nimeombwa nieleze jinsi ruta zinavyowekewa masharti ya usimbaji fiche, na kwa nini siku hizi kazi hiyo huachiwa programu. Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya watu wa ofisini. Lakini mama anapompeleka mtoto zahanati na jina lake likaingizwa kwenye kompyuta, au mwenye duka anapolipia leseni, habari zao husafiri kutoka ofisi moja hadi nyingine. Ruta ndiyo lango la safari hiyo. Habari zikipita wazi, aliye njiani anaweza kuzisoma. Zikisimbwa, ataona herufi zisizo na maana.

Mifumo ya kusimba nayo huzeeka. Mfumo uitwao DES ulikuwa kiwango cha serikali ya Marekani tangu 1977, lakini mwaka 1998 mashine iliyoundwa kwa kazi hiyo iliuvunja kwa muda usiofika siku tatu. Mwaka 2001 kikaja kiwango kipya, AES, kinachotumika hadi leo. Kwa upande wa WiFi, udhaifu wa WEP ulifichuliwa mwaka huohuo wa 2001. Sasa tunatumia WPA2 na WPA3. Hata hivyo, ruta nyingi bado hukubali mifumo ya zamani ili vifaa vikuukuu visikwame. Kwa hiyo lazima ruta iandikiwe sera: mfumo huu ukubali, ule ukatae, na funguo zibadilishwe kila baada ya muda fulani.

Sasa mfikirie afisa mmoja mwenye ruta 40. Anatoka Kisii mjini, anapita Nyakoe, anaenda Suneka, Tabaka, hadi Ogembo, akiandika masharti yaleyale kwa mkono. Akifika ya ishirini amechoka, anaruka mstari mmoja. Mwizi hana haja na ruta 39 zilizofungwa vizuri; anatafuta hiyo moja. Isitoshe, ruta mbili zinazowasiliana lazima zikubaliane. Ukibadilisha upande mmoja na kuusahau wa pili, ofisi hizo hazisikizani tena.

Ndiyo maana kuna zana kama Ansible, programu huria ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Sera huandikwa mara moja kwenye faili. Programu huingia katika kila ruta kwa njia salama, hulinganisha yaliyomo na yaliyoandikwa, hurekebisha panapotofautiana tu, kisha hutoa ripoti. Na faili hiyo ikitunzwa vizuri, huonyesha nani alibadilisha nini na lini.

Lakini zana inayorekebisha ruta 40 kwa dakika chache inaweza pia kuziharibu zote kwa dakika hizohizo. Mnakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp na Facebook zilipozimika karibu saa sita? Wengine tulidhani bando limeisha. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mtandao wake mkuu, na programu ya kukagua amri kama hizo ilikuwa na kasoro, haikuizuia. Mafundi walilazimika kwenda wenyewe mahali mitambo ilipo.

Somo ni hili. Jaribu sera kwenye ruta moja kwanza. Mtu wa pili aisome kabla haijatumwa. Ruta iwekwe irudie hali yake ya awali yenyewe ikiwa mawasiliano yatakatika. Nywila zisiandikwe wazi ndani ya faili. Na pawepo njia ya kuifikia ruta mtandao ukizimika.

Jambo hili lina sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka anayetunza habari za watu azilinde, na zikivuja kukawa na hatari ya kweli ya madhara, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kufahamu. Kwa hiyo mna haki ya kuuliza ofisi yoyote ya umma: habari zetu zinasimbwa? Nani hukagua ruta? Mara ya mwisho ilikuwa lini?

Nanyi wenye saiba, maduka na hoteli, yenu yaanze leo. Badilisheni nywila ya mipangilio iliyokuja na ruta. Chagueni WPA3, au WPA2 kama hiyo haipo. Ruhusuni ruta ijisasishe yenyewe. Wateja wapeni WiFi yao, tofauti na ile ya kompyuta ya hesabu. Na kama ruta yako inajua WEP pekee, imetumika vya kutosha, nunua nyingine.

 Sasa tuchukue maswali, tuanze na akina mama.