Uzito wa Mshale katika Upinde wa Jadi wa Kuwindia: Mfano wa Wahadzabe na Waata

Uzito wa mshale mara nyingi hujadiliwa kana kwamba ni suala la upinde peke yake, ilhali swali linalotangulia ni jinsi mnyama atakavyokufa: kwa makali ya chembe, yaani kichwa cha mshale, au kwa sumu iliyopakwa nyuma ya chembe hicho. Makala haya yanashikilia kwamba jibu la swali hilo, pamoja na unene wa ngozi ya mnyama, ndilo linaloamua uzito, na kwamba kazi ya upinde ni kuweka mipaka, hasa mpaka wa chini.

Mpaka huo unatokana na namna upinde unavyotoa nguvu zake. Upote, yaani uzi wa upinde, unapoachiwa, nguvu iliyohifadhiwa katika mti uliopindwa haiingii yote mshaleni, kwa kuwa sehemu yake hutumika kuisukuma mikono ya upinde na upote wenyewe. Mwanafizikia wa Marekani Paul Klopsteg aliueleza mzigo huo kuwa ni uzito wa kudhaniwa unaojumlishwa na ule wa mshale. Kwa mfano wa hesabu tu, upinde unaotoa jouli 50, wenye uzito wa kudhaniwa wa gramu 8, utarusha mshale wa gramu 22 kwa kasi ya mita 58 kwa sekunde na kuupa jouli 37, ilhali mshale wa gramu 42 utakwenda kwa mita 45 tu kwa sekunde lakini utabeba jouli 42. Pengo la nishati si kubwa. Lililo kubwa ni la momenta, yaani zao la uzito na kasi, ambayo hupanda kutoka 1.3 hadi 1.9 na ndiyo inayoufanya mshale uendelee kupenya baada ya kugusa nyama. Nishati isiyochukuliwa na mshale hubaki katika upinde kama mtikisiko, na kwa hiyo mshale mwepesi kupita kiasi huweza kuuvunja upinde, sawa na kuuachia upote bila mshale.

Wapiga upinde wa jadi wa Marekani hupima mishale kwa greni, ambazo 7,000 hufanya ratili moja, na wengi huanzia greni 8 hadi 10 kwa kila ratili ya uzito wa mvuto, yaani nguvu ya kuuvuta upinde hadi mwisho. Kwa upinde wa ratili 50, hizo ni gramu 26 hadi 32. Kanuni hiyo huulinda upinde, lakini haisemi lolote kuhusu mnyama.

Podo, yaani mfuko wa mishale, la Mhadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, nchini Tanzania, linaonyesha waziwazi kwamba mnyama ndiye anayeamua mshale, kwa kuwa upinde uleule hutumia mshale wa mti mtupu uliochongwa ncha kwa ndege na wanyama wadogo, mshale wa chembe kipana cha chuma kisicho na sumu, na mshale wa chembe chenye sumu kwa wanyama wakubwa. Waata wa eneo la Tsavo, nchini Kenya, wanaoitwa pia Waliangulu katika maandishi ya zamani, wanaifanya hoja iwe ngumu zaidi. Kabla uwindaji haujapigwa marufuku nchini humo mwaka 1977, walikuwa mashuhuri kwa kuwinda tembo kwa sumu ya mti wa msunguti, iliyochemshwa hadi ikawa nzito kama lami, na kwa kuwa sumu ndiyo iliyoua, ingetarajiwa kwamba upinde dhaifu na mshale mwepesi vingetosha. Hata hivyo, pinde zao zilizidi ratili 100 za mvuto, kwani sumu isiyovuka ngozi ya tembo na kufika kwenye damu haina kazi.

Uzito unaoongezwa kwa ajili ya kupenya hufaa ukae mbele, kwenye chembe, lakini hapo huzuka tatizo jingine: kila chembe kinapozidi kuwa kizito, wano, yaani mti wa mshale, hupinda zaidi upote unapolisukuma kuzunguka kishikio. Wano lililo laini mno kwa chembe chake hufyatuka likiyumba, na mshale unaomfikia mnyama ukiwa upande hupoteza upenyaji uleule ambao uzito uliongezwa kuuleta.