Miti Ilipotafuta Mfalme

Juma hili twataka kuzungumza juu ya swali ambalo ni nadra kulisikia mimbarani: je, watu waweza kuishi bila serikali? Na je, Mkristo aweza kulitamani jambo hilo?

Msicheke upesi. Wenye elimu huliita wazo hili anakia, neno lililotoka katika Kigiriki, na asili yake si fujo bali ni kukosa mtawala. Fujo tumeiongeza sisi, kwa sababu tumezoea kuona kwamba mwalimu akitoka darasani watoto hupanda juu ya madawati. Mwaka 1840 Mfaransa mmoja aliyekuwa mpiga chapa, Pierre-Joseph Proudhon, alijiita kwa jina hilo bila haya. Alidai kwamba watu wakipatana wenyewe kwa wenyewe watapata utaratibu ulio bora kuliko ule wa kushurutishwa. Baadaye wakaja wengine wenye haraka. Rais wa Ufaransa alichomwa kisu mwaka 1894, mfalme wa Italia akapigwa risasi mwaka 1900, na Rais McKinley wa Marekani mwaka 1901. Tangu hapo mtu asiyetaka serikali akahesabiwa kuwa mtu mwenye bomu mfukoni, na waandishi wa hadithi wakamchora hivyo hivyo, kama alivyofanya Joseph Conrad katika kitabu chake The Secret Agent cha mwaka 1907.

Lakini yuko mmoja ambaye sisi watu wa kanisa hatuwezi kumpita, kwa maana alifika huko kwa kuisoma Injili. Huyu ni Leo Tolstoy wa Urusi, mtu wa ukoo mkubwa, mwenye shamba na sifa, aliyekuwa askari katika ujana wake. Alipokuwa amekwisha kuandika vitabu vilivyompa jina duniani kote, aliirudia Hotuba ya Mlimani, hasa pale Bwana anapotukataza kushindana na mtu mwovu, akauliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: kama hiyo ni amri, basi jeshi ni la nini? Na gereza, na mtu wa kunyonga? Akaona kwamba kila serikali mwishowe husimama juu ya fimbo, na kwamba anayemfuata Yesu hawezi kuishika fimbo hiyo wala kuilipia. Kitabu chake kiitwacho Ufalme wa Mungu Umo Ndani Yenu kilizuiwa kwao, kikatolewa Ujerumani mwaka 1894. Kanisa la Othodoksi lilimtenga mwaka 1901, na haikuwa kwa ajili ya serikali tu. Alikuwa amekana pia Utatu na kufufuka kwa Bwana, na hapo sisi hatufuatani naye. Wale wenye bomu nao aliwakemea. Alipouawa mfalme wa Italia aliandika kwamba kuua mfalme ni kazi bure, kwa kuwa mwingine huketi mahali pake.

Sasa tazameni yaliyowapata watu waliolitenda jambo hili kwa miili yao. Huko kwenye milima ya Kaukasi walikuwako wakulima Wakristo walioitwa Wadukhobori. Mwaka 1895 walizikusanya bunduki na panga zao zote, wakaziteketeza usiku huku wakiimba zaburi, na vijana wao wakakataa kuwa askari wa mfalme. Wakapigwa mijeledi, wengine wakatiwa gerezani, na jamaa nyingi zikatawanywa katika vijiji vya mbali ambako njaa na homa ziliwapunguza. Tolstoy, ambaye kwa miaka mingi alikuwa hataki malipo kwa vitabu vyake, aliuza kimoja, Ufufuo, ili wapate nauli. Mwaka 1899 zaidi ya watu 7,000 walivuka bahari kwenda Kanada.

Mngetazamia kwamba huko walipumzika. Serikali ya Kanada ilikubali wasichukue silaha, lakini kabla ya miaka mingi kupita ikawataka kila mtu aandikishe shamba kwa jina lake na kula kiapo cha utii. Wengi wakakataa, na mwaka 1907 wakanyang'anywa sehemu kubwa ya ardhi waliyokuwa wameilima. Na liko jambo la ajabu kuliko hilo. Watu hawa waliomkataa mfalme wa Urusi walikuwa na kiongozi wao, Peter Verigin, na neno lake kwao halikujibiwa. Mfalme walimwacha ng'ambo ya bahari, ila kiti chake walikibeba.

Nasi tuseme lililo la haki juu ya upande wa pili. Majirani zetu wa Somalia walikosa serikali tangu Januari 1991. Ni kweli kwamba wazee wa koo waliendelea kuamua kesi chini ya miti, na biashara haikukoma. Lakini nani aliyelipa gharama? Ni mjane asiye na ukoo wenye nguvu, ni mkulima wa kando ya mto asiye na bunduki. Wengi walikimbilia Dadaab, na wako waliozaliwa kambini humo na kuzaa humo. Tolstoy angetuambia tugeuze shavu letu. Vema, shavu letu ni letu. Je, tuna ruhusa ya kugeuza shavu la mtoto wa jirani? Hapo, kwa maoni yetu, Paulo aliwaandikia Warumi neno la kweli katika sura ya kumi na tatu, kwamba mwenye mamlaka yupo ili kumzuia atendaye mabaya.

Ila Ufunuo nao una sura ya kumi na tatu, na humo mwenye mamlaka ni mnyama. Wahubiri hupenda kusoma moja tu kati ya hizo mbili, ikitegemea nani amekaa kiti cha mbele siku hiyo.

Maandiko yenyewe hayawasifu wafalme kwa urahisi. Israeli walipodai mfalme, Samweli aliwaonya kwamba atawatwaa wana wao, na binti zao, na mashamba yaliyo mema. Na kabla ya hapo, Abimeleki alipokwisha kuwaua ndugu zake sabini juu ya jiwe moja ili atawale, Yothamu aliyenusurika alisimama juu ya mlima Gerizimu, akawapigia kelele watu wa Shekemu kwa hadithi. Miti ilitoka kujitafutia mfalme. Mzeituni ulikataa, mtini ukakataa, mzabibu nao vivyo hivyo, kwa kuwa kila mmoja ulikuwa na matunda ya kutunza. Uliokubali ni mti wa miiba, nao ukawaalika wote waje chini ya kivuli chake. Mchunga mbuzi yeyote ajua hicho ni kivuli cha namna gani!

Tunawaomba msome sura hiyo ya tisa ya Waamuzi jioni ya leo, na baba au mama aulize mezani: mzeituni ulifanya vema kukataa? Sisi wenyewe tulibishana juu yake tulipotayarisha mazungumzo haya, na hatujapatana. Yothamu, alipokwisha kusema, alikimbia akaenda Beeri, akakaa huko kwa kumwogopa ndugu yake.