Zoezi Linaloanzia Mlangoni: Funzo la Mwaka 2020 kwa Njia za Miguu za Kibosho

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya mkutano wa wakazi



Machi 1, 2020 maelfu ya wakimbiaji walikusanyika mjini Moshi kwa mbio za Kilimanjaro Marathon, kama ilivyo desturi ya kila mwaka. Hazikupita wiki tatu hali ikabadilika. Machi 16 Waziri wa Afya, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini, msafiri aliyeingia kupitia uwanja wa ndege wa KIA na kugundulika Arusha. Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule na kusitishwa kwa mikusanyiko ya michezo. Viwanja vikanyamaza. Wanafunzi wa bweni wakarudi makwao. Michezo ilirejea Juni 1, na wanafunzi wa madarasa mengi wakarudi shuleni Juni 29.

Katika miezi hiyo Watanzania hawakufungiwa majumbani. Katika nchi nyingine mambo yalikuwa tofauti, na yafaa kuyakumbuka, kwa kuwa serikali nyingi zililazimika kujibu swali ambalo hapo kabla hazikuwa zimewahi kuulizwa: mtu aende umbali gani kutoka kwake ili anyooshe miguu?

Ufaransa ilijibu kwa kipimo: kilometa moja, saa moja, na karatasi ya kujieleza mkononi. Uingereza, ilipotangaza zuio Machi 23, 2020, iliruhusu zoezi moja kwa siku. Afrika Kusini ilikataza kabisa mazoezi ya nje kwa wiki tano, kisha kuanzia Mei 1 ikaruhusu kilometa tano, kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi. Nchini Uganda, Rais Yoweri Museveni alipiga marufuku mazoezi ya nje mwezi Aprili, kisha yeye mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 75, akaonekana katika video akikimbia ndani ya ofisi yake na kupiga pushapu ili kuwaonyesha wananchi kwamba mwili waweza kufanyishwa kazi ndani ya kuta nne. Nchini Kenya, makundi ya wakimbiaji wa nyanda za juu yalivunjwa, na hata Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki wa marathoni, akawa akikimbia peke yake.

Vipimo hivyo havikumaliza ubishi. Januari 2021, katika eneo la Derbyshire nchini Uingereza, polisi waliwatoza faini wanawake wawili walioendesha magari yao takribani maili tano ili wakatembee kando ya bwawa. Mwongozo wa serikali ulisema mazoezi yafanyike karibu na nyumbani. Sheria yenyewe haikutaja umbali wowote. Baadaye faini zile zilifutwa. Tukio hilo dogo lilifichua jambo kubwa: mtu asiye na mahali salama pa kutembea mlangoni pake hulazimika kusafiri ili atembee, na siku safari inapozuiliwa, afya yake nayo huzuiliwa.

Hapo ndipo Kibosho inapopata nafasi ya kujitazama. Mkazi wa Kibosho hahitaji gari ili atembee. Akitoka nje ya nyumba yake yumo kihambani, chini ya migomba na mibuni. Akipita lango yumo njiani. Na njia, iwe ya kupanda kuelekea msituni au ya kushuka kuelekea mjini, tayari ni zoezi. Mji wa Moshi upo kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari. Lango la Umbwe, ambako wapanda mlima huanzia mojawapo ya njia kali kuliko zote za Kilimanjaro, lipo takribani mita 1,600. Kati ya sehemu hizo mbili kuna mwinuko ambao katika miji ya mbali watu hulipia fedha kuupata juu ya mashine.

Wazee wa mlima hawakuita jambo hilo mazoezi. Waliteremka tambarare kulima mahindi na maharage, wakapandisha majani ya ng'ombe kichwani, wakafuata mifereji hadi kwenye banio kuhakikisha zamu ya maji haipotei. Mwili ulifanya kazi bila kuambiwa. Siku hizi bodaboda hufika hadi mlangoni, majani huletwa kwa pikapu, na mtu aweza kumaliza wiki nzima bila kupanda kilima kimoja kwa miguu yake. Hakuna ubaya katika kupumzisha mgongo uliobeba mizigo miaka hamsini. Ubaya upo pale kazi inapoondoka na kitu kingine kisishike nafasi yake.

Mwaka 2020 ulilionyesha pengo hilo. Wazee walishauriwa kuepuka misongamano, na ushauri huo ulikuwa sahihi, kwa kuwa umri mkubwa, shinikizo la damu na kisukari ni miongoni mwa mambo yanayoufanya ugonjwa huo kuwa mkali zaidi. Lakini kuepuka msongamano si sawa na kukaa kitini kutwa nzima. Mzee anayekaa bila kutembea kwa wiki kadhaa hupoteza nguvu za mapaja, na mapaja yakilegea huanguka. Sukari hupanda, usingizi hupungua, na upweke huingia kimya kimya. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Hesabu yake ni nyepesi: nusu saa kwa siku, siku tano. Watoto na vijana wanahitaji wastani wa saa moja kila siku.

Kwa mkazi wa Kibosho nusu saa hiyo ina taratibu zake. Njia ya mteremko si uwanja tambarare. Anayeanza apande kwanza akiwa na nguvu, ashuke wakati wa kurudi, asije akajikuta mbali chini na mlima mzima ukimsubiri. Kupanda huuamsha moyo. Kushuka hulemea magoti, hivyo mwenye maumivu ya magoti apunguze hatua na atumie fimbo, nayo si aibu. Kipimo cha mwendo ni mazungumzo: anayeweza kuongea lakini hawezi kuimba yupo pazuri, anayeshindwa kumaliza sentensi apunguze kasi. Wakati wa masika udongo huteleza, na malapa si kiatu cha njia hiyo. Mwenye kisukari anayetumia dawa abebe kitu kitamu kidogo mfukoni. Anayehisi kifua kubana, kizunguzungu au jasho jembamba asiendelee. Akae chini, aite jirani, na afikishwe zahanati ya karibu au Hospitali ya Kibosho. Na asiyejua hali ya shinikizo lake la damu aanze kwa kupima, kwa sababu ugonjwa huo mara nyingi haupigi hodi.

Nyakati za maambukizi, utaratibu huongezeka kidogo tu. Watu wa nyumba moja hutembea pamoja. Wa nyumba tofauti huachiana nafasi ya zaidi ya mita moja. Wanaokutana kwenye kijia chembamba, mmoja husimama pembeni kwa heshima mwenzake apite. Salamu ya mdomo yatosha. Desturi ya kushikana mikono ni nzuri, na mwaka ule iliwauma wengi kuiacha, lakini salamu ya heshima iliyotolewa kwa mbali haikuwahi kumpunguzia mzee hadhi yake. Anayerejea nyumbani hunawa mikono kwa maji tiririka na sabuni kabla ya kumshika mjukuu.

Kutembea karibu na nyumbani kuna mipaka pia. Mpaka wa kwanza ni msitu. Kilimanjaro ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1973, na mwaka 2005 eneo la hifadhi lilipanuliwa likaingiza msitu wa asili unaopakana na vihamba, pamoja na ule ukanda wa nusu maili uliotengwa enzi za ukoloni, mwaka 1941, kwa mahitaji ya wenyeji. Wazee wanaoukumbuka wakati mwingine huona uchungu, na uchungu huo una historia yake. Hata hivyo sheria ya leo iko wazi: kuingia hifadhini kwahitaji kibali, na kijana anayekimbia asubuhi ageuze pale mpaka ulipo. Mpaka wa pili ni mito na makorongo. Maji ya mlimani huja ghafla wakati wa mvua, hata pale Kibosho penyewe pakiwa pakavu, kwa kuwa mvua imenyesha juu. Mpaka wa tatu ni barabara kubwa. Kwa vile magari hapa nchini hupita kushoto, mwenda kwa miguu atembee upande wa kulia, akikabili yanayomjia, na alfajiri avae nguo nyeupe.

Baada ya hayo yote linabaki jambo moja ambalo ndilo kiini cha mada hii, nalo ni njia yenyewe.

Ichukuliwe mfano wa mama mwenye miaka 68, mwenye shinikizo la damu, aliyeshauriwa na mganga atembee kila siku. Kutoka kwake hadi kanisani kuna kijia kinachopita katikati ya vihamba viwili, chenye kivuli, chenye majirani wa kumwona akianguka. Dakika kumi na tano kwenda, kumi na tano kurudi: dawa kamili. Kisha kihamba kimoja kinagawanywa kwa watoto watatu. Mmoja anajenga, anasogeza masale hatua mbili, mwingine anaweka uzio wa mabati, na kijia kinakufa bila tangazo wala kikao. Sasa mama yule hana budi kuzunguka kwa barabara ya magari, ndefu maradufu, yenye vumbi wakati wa kiangazi na bodaboda zinazoteremka bila kupunguza mwendo. Anajaribu mara mbili, mara ya tatu anabaki nyumbani. Hakuna aliyemkataza kutoka. Hakuna zuio lililotangazwa. Lakini amefungiwa ndani sawasawa na yule wa mbali aliyefungiwa kwa amri.

Ufinyu wa ardhi mlimani ni wa kweli, na mwenye kihamba ana haki yake. Hakuna anayetaka watoto wa Kibosho wakose mahali pa kujenga. Lakini katika mila za Wachaga, masale hayakuwa alama ya mpaka pekee. Jani hilohilo linaloonyesha wapi cha jirani kinaanzia ndilo analobeba mtu anayekwenda kuomba msamaha. Mpaka na upatanisho viliwekwa katika mmea mmoja, na kijia cha miguu kilipita kando yake kwa ridhaa ya pande zote mbili. Kilikuwa njia ya kwenda mtoni, ya kupeleka mgonjwa, ya kubeba jeneza. Leo ni njia ya afya pia.

Vyombo vya kulinda njia hizo vipo. Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaowakutanisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, hupaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Humo suala la vijia laweza kuingizwa katika ajenda kama linavyoingizwa suala la maji. Baraza la Ardhi la Kijiji, lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, lina wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Ni vyema mgogoro wa njia ufike hapo ungali mchanga, kabla ya ukuta kupanda. Mwenyekiti wa kitongoji, akishirikiana na wazee wanaokumbuka, aweza kuorodhesha vijia vinavyotumika, na familia inayogawa kihamba yaweza kutenga upana wa watu wawili kupishana kabla ya kupima viwanja vya watoto. Siku ya msaragambo yaweza kutumika kufyeka majani, kuziba mashimo na kuweka magogo ya kuvukia mifereji. Kazi hizo hazihitaji kusubiri bajeti.

UVIKO-19 uliondoka na watu, na familia nyingi bado zinawalilia. Haukuwa ugonjwa wa kwanza wala hautakuwa wa mwisho. Siku linapokuja janga jingine, wataalamu watasema tena: epukeni misongamano, kaeni karibu na nyumbani, lakini msiache kutembea. Uwezo wa kutii ushauri huo hauandaliwi siku ya tangazo. Huandaliwa leo, kwa mwenye kihamba kuacha hatua mbili za njia, kwa kijana kufyeka kijia cha bibi yake, na kwa kila mtu kutoka mlangoni nusu saa, apande kidogo, ageuke, arudi.