KAZI NA KARATASI
Mazungumzo mbele ya wanachama wa tawi



Tumetakiwa tuseme machache juu ya jambo linalowasumbua vijana wetu. Mtu akienda kutafuta kazi, kabla ya kuulizwa anajua nini, huulizwa yeye ni nani, na ana haki gani ya kufanya kazi hapo. Swali hilo si baya. Sisi wenye maduka pia hatumkabidhi mtu funguo za ghala pasipo kumjua. Ubaya huingia pale ambapo jawabu halimo mkononi mwa anayeulizwa, bali limo mkononi mwa mwingine, mwenye kalamu na mhuri.

Na tuanzie Tabora, mji ambao wafanyabiashara kutoka visiwa hivi walikaa tangu karne ya 19. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo ikafika Unyanyembe, na hapo ikagawanyika: mkono mmoja ukenda Ujiji, mwingine ukenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Richard Burton, mwaka 1857, alitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora. Mizigo ilichukuliwa kwa mabega ya watu, khasa Wanyamwezi. Mpagazi hakuhitaji cheti mfukoni. Shahidi wake alikuwa nyampara wake na wenziwe wa safari. Aliyetupa mzigo porini, khabari zake zilimtangulia kambini. Aliyeufikisha, jina lake lilimtafutia safari ya pili.

Huku kwetu, litazameni neno "kibarua". Asili yake ni barua ndogo. Mtu wa kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi ili akionyeshe na kudai ujira wake. Mwisho jina la karatasi likamwangukia mtu mwenyewe. Lakini zingatieni: karatasi ile ilikuwa ya mfanyakazi, na aliyedaiwa ni tajiri.

Wakoloni wakaligeuza jambo hilo juu chini. Kenya ilitungwa sheria mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume wa Kiafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Tajiri aliandika humo mshahara na siku ya kuachishwa. Asipotia sahihi yake, mtu yule hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali. Tanganyika nako, katika mashamba ya mkonge walikokwenda Wanyamwezi wengi, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulingoja mpaka zitimie. Karatasi iliyokuwa ikimdai tajiri, sasa ikawa inamdai mfanyakazi.

Msidhani mambo hayo yalikwisha kwa bendera kushushwa. Katika mkoa huo huo wa Tabora, pale Ulyankulu, waliwekwa watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Walipewa ardhi, wakalima, wakazaa watoto wasioijua nchi nyingine. Lakini kutoka nje ya makazi walihitaji kibali, na pasipo kibali hata kazi ya nje ilikuwa ndoto. Hadi mwaka 2010 Serikali ilikuwa imekubali kuwapa uraia watu wapatao 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Miaka minne mtu ni raia katika daftari, wala hana cha kumwonyesha tajiri.

Je, sisi visiwani tu mbali na hayo? Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kiliwekwa kwa sheria ya mwaka 2005. Mwaka 2009, katika uandikishaji wa wapiga kura Pemba, wengi walirudishwa kwa kukikosa, hata kazi ile ikasimamishwa kwa muda. Na aghalabu njia ya kukipata huanzia kwa sheha. Anayenyimwa barua ya sheha hanyimwi kura peke yake. Hunyimwa na mlango wa riziki.

Sisi tuliosoma chuoni tunaijua aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote. Imeamrisha deni liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, wala asikatae kuandika. Basi mwenye kalamu asiyemwandikia jirani yake kwa sababu ya chama chake, na ajitazame.

Nasi tusikae tukilalama tu. Kwanza, mtoto akizaliwa, aandikishwe upesi. Cheti cha kuzaliwa ndicho mama wa vyeti vyote. Pili, anayenyimwa kitambulisho aandike maombi yake, aweke nakala na tarehe, ailete tawini. Tatu, vijana wetu wanaovuka kwenda Bara, Tabora ikiwamo, wajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Ukizuka ugomvi naye akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake.

Ndugu zetu, anayeulizwa "wewe nani?" naye ana haki ya kuuliza: "Na wewe utaniandikia nini?" Karatasi na irudi kuwa kibarua cha asili, shahidi wa mwenye jasho.

Wabillahi tawfiq.