Manusura na Madeni Yao: Riwaya ya Baada ya Maangamizi, Tukiitazama Kutoka Malindi, Unguja



Riwaya ya Kiswahili ilikwisha kuiangamiza dunia zamani. Euphrase Kezilahabi alifanya hivyo katika Mzingile, mwaka 1991, akawaacha wachache watafute pa kuanzia. Naienzi sana kazi ile. Linalonisikitisha ni miswada ya vijana ninayoisoma siku hizi: mji unateketea, manusura wanakutana njiani, wanagawana maji, na tayari ni jamii mpya. Hakuna anayemdai mwenzake.

Tuangalie yaliyotokea hapa kwetu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Bandarini hakikubaki chombo ila kwa bahati. Mashambani mikarafuu na minazi iling'oka, na watu ndio kwanza walikuwa wametoka kwenye kipindupindu cha 1869 na 1870. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na ufalme wa karafuu ukahamia huko. Mkarafuu mchanga hutaka kivuli na maji, na hupita miaka sita au zaidi ndipo uchumwe. Nani aliyepanda upya? Watumwa. Kimbunga hakikuchagua mtu, lakini kulipokucha bwana aliyenusurika alikuwa bwana vilevile, na mtumwa aliyenusurika alirudishwa shambani. Mwandishi wa manusura na aanzie asubuhi ile.

Katika miaka hiyohiyo ya 1870, huko Mbweni, papa hapa Unguja, misheni ya Kianglikana iliwapa makazi watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Walitoka makabila mbalimbali ya bara, wengine hawasikilizani hata lugha. Walipata mahali pa kuishi, shule na kanisa. Jamii mpya ilizaliwa kweli, ila kwa masharti ya mwenye kuwapokea.

Aliyelielewa jambo hili, kwamba kunusurika hakufuti deni, kuliko wengi ni mtoto wa Malindi hii, Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel wa 2021. Katika By the Sea, ya mwaka 2001, mzee Saleh Omar anafika Uingereza kuomba hifadhi, na kitu chake cha thamani ni kikasha cha udi. Ofisa wa uwanja wa ndege anakichukua. Kisha mtu anayekuja kuwa karibu naye ugenini ni Latif Mahmud, ambaye familia yake ilipoteza nyumba yao Unguja, ikaangukia mikononi mwa mzee huyuhuyu. Wanakaa na kusimuliana, kila mmoja na upande wake wa kesi. Kwangu mimi, mazungumzo yale yana uzito kuliko miji kumi iliyoteketezwa.

Kwa zoezi la mchana, basi, naomba kila mshiriki wa warsha hii alete manusura wawili wanaojuana tangu kabla ya maangamizi. Mmoja amepata mahali penye maji. Mwingine anabisha hodi. Andikeni kwanza nani anamdai nani, na deni lenyewe ni nini. Moto mtautia baadaye, kama bado mnauhitaji.