Ugonjwa Hauulizi Chama

Hotuba ya Afisa Uhusiano wa Polisi katika baraza la wananchi, Kisoko



Nimeombwa kuzungumza juu ya usalama wa mpakani. Leo sitaanza na wizi wa ng'ombe wala magendo. Nitaanza na mzee mmoja aliyesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani mwaka 2020. Aliniuliza, "Mwanangu, corona hii iko redioni tu. Nani kati yenu amemwona mgonjwa?" Nilimfokea, nikamrudisha nyumbani. Swali lake sikulijibu, na leo najuta.

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Uganda ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 21 Machi 2020. Mpaka ukafungwa kwa abiria, malori ya mizigo yakaendelea kupita. Hapa Malaba na Busia foleni zikarefuka kwa kilomita nyingi, madereva wakingoja majibu ya vipimo. Mwezi Mei serikali ikaamua kutowajumlisha madereva wa kigeni katika hesabu ya taifa, na idadi ikashuka ghafla. Wagonjwa hawakupona usiku mmoja. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu. Lakini wengi hawakufikiwa na maelezo hayo, na palipokosekana maelezo, uvumi ulipata makao.

Kisha ukaja uchaguzi. Tarehe 18 Novemba 2020, mgombea urais Robert Kyagulanyi alikamatwa Luuka kwa madai ya kukiuka masharti ya corona. Ghasia zilizofuata ziliangamiza maisha ya watu zaidi ya 50. Tangu siku hizo, wananchi wengi waliposikia masharti ya afya walisikia siasa. Siwezi kuvaa sare hii mbele yenu nikajifanya nimesahau.

Wala si kwetu peke yake. Mei 2020, Rais John Magufuli wa Tanzania alitilia shaka maabara ya taifa lake, akisema kwamba sampuli za papai na mbuzi zilikutwa na corona. Takwimu zikaacha kutangazwa. Mwaka uliofuata, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa hadharani. Ikulu ni ile ile, maneno mawili tofauti. Mwananchi aliyechanganyikiwa hakuwa mjinga.

Hata hivyo, ndugu zangu, shaka ina gharama yake. Septemba 2022 Ebola ilizuka Mubende. Ilithibitishwa kwa watu 142, na 55 kati yao wakafariki, kabla haijatangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023. Aina ile haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Silaha kubwa ilikuwa ni mtu kumwambia mhudumu wa afya ukweli: nimemgusa nani, nimelala wapi, nimemzika nani. Ilipotangazwa tena Januari 2025, ilibainika kwamba muuguzi aliyefariki Mulago alikuwa ametafuta matibabu Mbale pia. Mbale ni jirani yetu.

Sasa tazameni mahali tunapoishi. Bodaboda imepata jina lake Busia, kwa kuvusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Shangazi yuko Kenya, shamba liko Uganda, na njia za panya ni nyingi. Mgonjwa aliyepita huko hujificha kwa kuwa anamwogopa polisi kuliko ugonjwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Sina mamlaka ya kufuta sheria ya uhamiaji. Lakini nawaomba, nami nawaambia askari wenzangu vivyo hivyo: mgonjwa afike kwanza kwa daktari, maswali ya njia aliyopita yatangoja.

Habari inapokufikia, kwa redio, kwa simu au kwa mdomo wa mwanasiasa, iulize mambo matatu. Anayesema amejuaje? Je, yuko tayari kukiri anapokosea? Atapata faida gani nikimwamini? Mtaalamu wa kweli hubadili neno lake anapopata ushahidi mpya, na anakueleza sababu. Mzushi habadiliki kamwe. Tuulizeni na sisi polisi maswali hayo hayo, msiogope.

Ukiona ugonjwa usioeleweka, mweleze mhudumu wa afya wa kijiji chako, au piga simu ya bure ya Wizara ya Afya, 0800-100-066. Ukihitaji polisi, piga 999.

Yule mzee sikumwona tena. Kama yumo humu barazani, namwomba radhi. Jibu langu lingalikuwa hili: mzee wangu, mimi pia sijamwona mgonjwa, lakini twende pamoja kituo cha afya tukawaulize wanaowauguza.