Viatu vya Mpira kwa Uwanja wa Zulia

(Mazungumzo na vikundi vya wazazi na vijana, Kilifi na Malindi)



Nimeombwa niseme juu ya viatu vya mpira. Najua wengine wanajiuliza: pesa za kikundi ziende kwenye viatu kweli, na tangi la maji bado? Ngojeni kidogo. Nitakalosema hasa ni habari ya goti.

Watoto wetu wamezoea kucheza peku, mchangani na kwenye mawe. Wasichana wa Moving the Goalposts, kilichoanza hapa Kilifi mwaka 2001, wengi wao wamecheza hivyo hivyo. Lakini timu ikisonga mbele huitwa kwenye majani bandia, kama Camp Toyoyo kule Nairobi au Amaan kule Unguja. Huko refa hataki mtu peku. Sheria ya 4 ya mpira yasema viatu ni lazima. Basi kikundi kinakimbilia mitumbani siku mbili kabla ya safari, kinanunua njumu zozote zinazong'aa.

Majani bandia ni zulia. Ni nyuzi za plastiki, katikati zimejazwa mchanga na chembe nyeusi za raba. Kwenye ardhi ya kawaida jino la kiatu likikwama, udongo hukatika na mguu ukaachiliwa. Zulia halikatiki. Mwili unageuka, mguu umebaki pale pale, na kano ya ndani ya goti inakatika. Wasichana huumia kano hii mara mbili au zaidi kuliko wavulana. Na operesheni ya goti, nyote mwajua, ni harambee nyingine.

Hebu geuzeni kiatu mtazame soli. Mara nyingi kuna herufi, kwenye soli au kwenye boksi. SG ni cha tope, meno marefu, pengine ya chuma, hicho msikiguse. FG ni cha majani halisi, na meno yake hushika zulia mno. AG kimetengenezewa zulia: meno mengi, mafupi, ya mviringo. TF kina vijino vidogo vya raba soli nzima.

Mimi ningechagua TF. AG hushika vizuri zaidi kwenye zulia jipya la nyuzi ndefu, lakini kikundi chenye mfuko mmoja kinataka kiatu cha kazi mbili, na TF chafaa pia kwenye ardhi yetu ngumu ya kiangazi. Kwenye tope la masika kitateleza, hilo nakubali.

Mpimeni mtoto jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, tena na soksi. Ile desturi ya kununua namba mbili juu, eti atakua, halafu kujaza matambara! Mama zangu, mguu unaocheza ndani ya kiatu hutoka malengelenge, na kifundo kinateguka. Mitumba ipindeni soli. Gundi ikiachia, rudisheni.

Tena kuna joto. Jua la saa nane likiwaka, zulia laweza kupita nyuzi 60. Soksi nene, na maji ya kunywa karibu.

Viatu vya kikundi vikaushwe kivulini, vimejazwa magazeti. Moto huyeyusha gundi. Na kila mchezaji awe na soksi zake mwenyewe, maana fangasi huhama na kiatu.